Puto la Kampala au kidonge cha Butembo? Tansio ya figo na hesabu ya familia wakati wa vita

Katika familia nyingi za Butembo na Beni mazungumzo huwa ni yaleyale. Mama au mjomba ana tansio isiyoshuka. Amekunywa dawa za aina mbili, sasa tatu. Muganga amepima damu na kusema figo zinaanza kuchoka. Kijana wa familia aliye Kampala anapiga simu: huku kuna mashine, wanaingiza waya katika mshipa, wanavimbisha puto dogo, mshipa unafunguka, na mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku chache. Kikao cha familia kinaitwa. Swali la kwanza huwa ni nani atatoa nini. Swali la pili, lililo zito zaidi, ni parseli gani iuzwe.

Kuna swali jingine ambalo lingepaswa kutangulia hayo mawili: je, puto hilo litamsaidia mgonjwa huyu? Utafiti mkubwa uliofanyika Ulaya na Marekani umetoa jibu ambalo watu wengi hapa kwetu bado hawajalisikia. Kwa wagonjwa walio wengi, puto halizidi dawa za kila siku. Kwa wachache, puto linaweza kubadili maisha. Na kazi ya kwanza ya kutenganisha makundi hayo mawili haihitaji mashine ya Kampala. Inaweza kuanza katika kituo cha afya cha mtaa, kwa kipimo cha tansio, tone la damu na ekografi ya kawaida.

Jambo hili ni la wakati huu. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wakaaji wa Grand Nord wamepoteza mji ambao wagonjwa wengi walipelekwa walipohitaji bingwa. Barabara ya kitaifa namba 2 imekatwa na mstari wa vita katika wilaya ya Lubero, na uwanja wa ndege wa Goma umefungwa. Mlango uliobaki wazi kwa mtu wa kawaida ni Kasindi. Kwa hiyo kila uamuzi wa kumpeleka mgonjwa mbali umekuwa ghali zaidi na wa hatari zaidi kuliko zamani.

Figo inapodanganywa

Ili kuelewa puto, tuanze na mshipa. Kila figo hupata damu kupitia mshipa mkubwa unaotoka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa mwili. Figo huchuja damu hiyo, huondoa uchafu na maji ya ziada, na pia hufanya kazi ya ulinzi: hupima nguvu ya damu inayofika kwake.

Mshipa wa figo ukiwa mwembamba, damu hufika kwa nguvu ndogo. Figo haijui kwamba tatizo liko kwenye mshipa wake. Inadhani mwili mzima umepungukiwa na damu, kama vile mtu amejeruhiwa na anavuja. Basi inatoa kemikali iitwayo renini, ambayo huanzisha msururu wa amri: mishipa ya mwili mzima ijibane, chumvi isitoke kwenye mkojo, maji yabaki. Tansio inapanda. Figo nyingine, kama ni nzima, inapigwa na nguvu hiyo kubwa miaka na miaka mpaka nayo inaharibika.

Hilo lilithibitishwa zamani. Mwaka 1934, daktari Harry Goldblatt wa mji wa Cleveland, Marekani, alibana mishipa ya figo za mbwa kwa kibanio kidogo na kuona tansio yao ikipanda. Kutoka hapo waganga walielewa kwamba figo inaweza kuwa chanzo cha tansio, na si tu kuumizwa nayo.

Mshipa unakuwa mwembamba kwa sababu tatu kubwa. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya watu walio wengi duniani, ni mafuta na chokaa kujijenga ndani ya mshipa kadiri umri unavyosonga, hasa kwa mvutaji wa sigara, mwenye kisukari na mwenye tansio ya muda mrefu. Ya pili hupata zaidi wanawake vijana na wa umri wa kati: ukuta wa mshipa wenyewe unakua vibaya, unakuwa na vifundo kama shanga zilizotungwa. Ugonjwa huu haujengwi na mafuta. Ya tatu ni uvimbe wa mishipa mikubwa unaoitwa ugonjwa wa Takayasu, nao pia hupenda vijana, hasa wanawake. Sababu ya pili na ya tatu ndizo zitakazoturudisha kwenye puto.

Puto linafanya nini

Mwaka 1964, Charles Dotter alifungua mshipa wa mguu wa mgonjwa kule Portland, Marekani, kwa kupitisha mirija midogo badala ya kupasua. Mjerumani Andreas Grüntzig, aliyefanya kazi Zurich, Uswisi, aliiboresha njia hiyo kwa kuweka puto dogo kwenye ncha ya mrija. Mwaka 1977 alifungua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho, na mwaka 1978 akatangaza kazi ya namna hiyohiyo kwenye mshipa wa figo. Waganga wanaiita angioplastia.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mgonjwa analala chini ya mashine ya eksirei akiwa macho. Sehemu ya kinena au kifundo cha mkono inapigwa sindano ya ganzi. Muganga anapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye mshipa wa figo, akiongozwa na picha kwenye skrini. Anapiga dawa ya rangi ili mshipa uonekane. Kisha puto linasukumwa mpaka mahali palipobana, linajazwa maji kwa sekunde chache, ukuta unapanuka, puto linatolewa. Pale ambapo mafuta na chokaa vimeganda kwenye mdomo wa mshipa, muganga huacha ndani bomba dogo la waya, stenti, ili mshipa usijifunge tena.

Inaonekana kama kazi nyepesi, na kwa mikono mizuri inaweza kuchukua muda wa saa moja. Lakini haikosi hatari. Damu inaweza kuvuja pale palipotobolewa. Mshipa unaweza kuchanika. Vipande vya mafuta vinaweza kukatika na kuziba mishipa midogo ya figo au ya vidole vya mguu. Dawa ya rangi yenyewe inaweza kuumiza figo ambayo tayari ni dhaifu. Na mshipa unaweza kubana tena baada ya miezi.

Kampala inafahamika zaidi kwa wagonjwa wetu, kwa sababu Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko katika eneo la hospitali ya Mulago, ina chumba cha kazi za namna hii. Nairobi zipo hospitali kadhaa, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mgonjwa wa Butembo au Beni anayehitaji puto hulazimika kusafiri.

Utafiti ulisema nini

Kwa karibu miaka 30 baada ya Grüntzig, waganga wengi waliamini jambo linaloonekana wazi: mshipa umebana, ufungue, tansio itashuka, figo itapona. Akili inakubali. Lakini mwili una mambo yake, na walipolinganisha wagonjwa kwa haki, majibu yalikuwa mengine.

Utafiti mkubwa wa kwanza, unaojulikana kwa jina la ASTRAL, ulitangazwa mwaka 2009. Wagonjwa 806, wengi wao wa Uingereza, waligawanywa kwa kura: nusu wapate puto au stenti pamoja na dawa, nusu wapate dawa peke yake. Baada ya miaka kadhaa, figo za kundi la kwanza hazikuwa bora kwa kiasi cha maana kuliko za kundi la pili, wala vifo havikupungua. Lakini kazi hiyo ilileta matatizo makubwa kwa wagonjwa 23, wakiwemo wawili waliokufa na watatu waliokatwa vidole au viungo.

Wapo waliosema kwamba ASTRAL ilichukua wagonjwa ambao mishipa yao haikubana sana. Ukaja utafiti wa pili, CORAL, uliotangazwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 947. Wote walipewa dawa nzuri za tansio, za kupunguza mafuta ya damu na za kuzuia damu kuganda. Nusu waliongezewa stenti. Walifuatiliwa zaidi ya miaka mitatu na nusu. Waliopatwa na kifo cha moyo au figo, kiharusi, shambulio la moyo, kulazwa kwa moyo kushindwa, au figo kuharibika walikuwa asilimia 35.1 upande wa stenti na asilimia 35.8 upande wa dawa peke yake. Tofauti hiyo si kitu. Tansio ya juu ilishuka kwa nukta 2 hivi zaidi kwa waliopata stenti.

Kwa nini kufungua mshipa hakukuleta afya? Kwa sababu kwa mzee mwenye mafuta kwenye mishipa, mshipa wa figo si ugonjwa wote. Mishipa yake midogo ndani ya figo imeharibika pia, mishipa ya moyo na ya kichwa vilevile. Tansio yake imejijenga kwa miaka 20. Kufungua mlango mmoja hakutengenezi nyumba iliyopasuka kuta zote. Dawa za kila siku zinafika kila mahali. Puto linafika mahali pamoja.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Tafiti hizi hazikusema puto ni uongo. Zilisema kwamba, kwa mgonjwa wa kawaida wa umri mkubwa ambaye tansio yake inashikika kwa dawa, kuongeza puto hakumwongezei maisha. Pia wagonjwa wa CORAL walipata dawa zao kila siku bila kukosa, na vipimo kwa wakati. Je, mgonjwa wa Oicha au Mangina anapata hivyo? Swali hilo tutalirudia, kwa maana ndilo kiini cha jambo.

Nani puto linamsaidia

Watu wa kwanza ni wale ambao ukuta wa mshipa umekua na vifundo, wengi wao wanawake wa umri mdogo. Kwao puto peke yake, bila stenti, hutosha mara nyingi. Takriban mmoja kati ya watatu, pengine wengi zaidi kama tansio haijadumu, anaweza kuacha dawa kabisa, na wengine hubaki na dawa chache. Kwa mwanamke wa miaka 28 ambaye angekunywa vidonge kwa miaka 40 ijayo, hiyo ni faida kubwa.

Watu wa pili ni vijana wenye ugonjwa wa Takayasu. Hao huhitaji kwanza dawa za kutuliza uvimbe wa mishipa. Kuweka puto uvimbe ukiwa bado moto ni kujitafutia mshipa kubana tena haraka.

Watu wa tatu ni wale ambao mapafu yao hujaa maji ghafla, mara kwa mara, huku tansio ikiwa juu sana, na mishipa ya figo zote mbili imebana. Wa nne ni wale ambao figo zao zinaporomoka kwa haraka na wamebaki na figo moja inayofanya kazi. Wa tano ni wale ambao wamejaribu kweli dawa tatu au zaidi, kwa kiasi kinachofaa, bila kuacha, na tansio imekataa. Kwa makundi haya waganga mabingwa bado wanazungumza juu ya puto kwa uzito, mgonjwa mmoja mmoja.

Sasa angalia jambo hili. Familia zetu huwa tayari kuuza parseli kwa ajili ya nani? Mara nyingi ni kwa ajili ya baba au mama mwenye umri mkubwa, kwa heshima na kwa upendo. Lakini mtu ambaye puto lingemfaa zaidi ni msichana au mama kijana ambaye hakuna anayefikiri kwamba anaweza kuwa na tansio. Yeye huambiwa ana mawazo, au ana kichwa cha kuzaliwa nacho, au amerogwa.

Mlango uko kwenye kliniki ya wajawazito

Hapa ndipo vituo vyetu vya afya vina nguvu kuliko vinavyojijua. Mahali pekee ambapo mwanamke kijana wa Katwa, wa Musienene au wa Mutwanga hupimwa tansio kwa kawaida ni kwenye kliniki ya wajawazito. Ikiwa juu, muuguzi hufikiri juu ya kifafa cha mimba, na ni sawa afikiri hivyo kwanza, kwa sababu kinaua haraka. Lakini baada ya kuzaa, mama huondoka na mtoto, na karatasi inafungwa.

Tansio ya mimba inapaswa kushuka katika wiki zinazofuata uzazi. Kama baada ya miezi mitatu bado iko juu, huyo si mgonjwa wa mimba tena. Ni kijana mwenye tansio, na lazima mtu aulize kwa nini. Kumpima mama siku anapoleta mtoto kwenye chanjo ni jambo la dakika tano.

Ishara nyingine pia hazihitaji mashine kubwa. Tansio kali iliyoanza kabla ya miaka 30. Tansio iliyokuwa tulivu kwa miaka na ghafla ikapanda kwa mtu aliyepita miaka 55. Tansio inayotofautiana sana kati ya mkono wa kulia na wa kushoto, au mkono ambao mapigo yake hayasikiki: hapo fikiria Takayasu. Mvumo unaosikika tumboni kwa chombo cha muganga. Na kwenye ekografi ya kawaida, ambayo hospitali kubwa za Butembo na Beni zinayo, figo moja ikiwa fupi kuliko nyenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Mwenye mkono mzuri wa ekografi ya Dopla anaweza hata kupima kasi ya damu kwenye mshipa wenyewe.

Ishara ya mwisho inatoka kwenye dawa. Kaptopril na enalapril ni dawa nzuri na za bei nafuu, zinazouzwa karibu kila farmasi. Zinazuia amri ile ya figo tuliyoieleza. Lakini kwa mtu ambaye mishipa ya figo zote mbili imebana, dawa hizo zinaweza kuzishusha figo ghafla. Ndiyo maana inashauriwa kupima kreatinini kabla ya kuanza, na tena baada ya wiki moja au mbili. Ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30, muganga anapaswa kusimama na kutafuta sababu. Mama mjamzito hapaswi kupewa dawa hizi kabisa. Hii haina maana kwamba msomaji atupe vidonge vyake leo. Kuacha dawa ya tansio peke yako kunaweza kuleta kiharusi. Maana yake ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuuliza: kreatinini yangu imepimwa lini?

Vita vinakunywa dawa za wagonjwa

Turudi kwenye lile swali. Utafiti unasema dawa zinatosha kwa wengi. Lakini zinatosha kama zipo, kila siku, kwa miaka.

Mkulima aliyekimbia Lubero kusini baada ya Kanyabayonga kutekwa Juni 2024 hakubeba vidonge vya miezi sita. Aliyekimbia ADF katika wilaya ya Beni alibeba mtoto na godoro. Tansio haiumi, kwa hiyo kwenye kambi au kwa ndugu wa familia, yenyewe ndiyo inayosahaulika kwanza. Mgonjwa anarudi hospitalini mdomo ukiwa umepinda au mkono hauinuki. Hata kituo cha afya si mahali pa usalama tena: Novemba 2025, ADF walishambulia Byambwe, katika wilaya ya Lubero, na kuua watu ndani ya kituo cha afya cha kanisa katoliki walipokuwa wakitibiwa.

Barabara ya kwenda Kampala nayo ina hesabu yake. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni mpaka Kasindi ni kama kilomita 80, kwenye barabara ambako magari yameviziwa mara nyingi. Kasindi yenyewe ilipigwa bomu kanisani Januari 2023. Upande wa pili, Mpondwe, shule ilishambuliwa Juni mwaka huohuo na wanafunzi wengi wakauawa. Baada ya mpaka bado kuna mamia ya kilomita, lugha nyingine, hoteli ya msindikizaji, na hospitali inayotaka pesa kabla ya kazi. Bei ya kazi yenyewe huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Na mgonjwa akirudi na stenti, bado atahitaji vidonge vilevile vya tansio, pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda. Puto halimtoi mtu kwenye farmasi.

Hili ndilo jambo ambalo kikao cha familia hakilisikii kwenye simu ya Kampala. Familia inauza parseli ikidhani inanunua mwisho wa ugonjwa. Kwa mzee mwenye mafuta kwenye mishipa, inanunua safari moja, na baada ya hapo hakuna tena pesa ya vidonge vya mwaka unaofuata. Tumewaona wagonjwa wa namna hiyo: walirudi na karatasi nzuri za hospitali, wakaanguka kwa kiharusi kwa kukosa dawa za mwezi mmoja.

Somo la Ebola halijaisha

Mtu anaweza kusema: basi tuletewe mashine hiyo hapa. Ni haki kutamani. Lakini chumba cha puto si mashine peke yake. Ni umeme usiokatika katikati ya kazi, ni mganga aliyejifunza miaka mingi na anayefanya kazi hiyo kila wiki ili mkono usisahau, ni katheta na stenti zinazotupwa baada ya matumizi, ni benki ya damu, ni mpasuaji wa mishipa aliye tayari mshipa ukichanika. Kwa wagonjwa wachache wanaohitaji puto la figo, mji mmoja wa Grand Nord hauwezi kuendesha chumba hicho peke yake leo.

Beni na Butembo wanajua vizuri maana ya vifaa vinavyokuja kwa ugonjwa mmoja. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Ilikuwa haki kupigana nayo kwa nguvu zote, na wafanyakazi wa afya walitoa maisha yao. Lakini wakaaji waliuliza, na swali lao lilikuwa na akili: mbona magari haya hayaji kwa surua, kwa malaria, kwa usalama wetu? Katika kipindi hicho surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto. Tansio hata katika maswali hayo haikutajwa, kwa sababu inaua mtu mmoja mmoja, nyumbani, bila bendera.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wana tansio, na karibu nusu yao hawajui. Tangu mwaka 2019 shirika hilo limeweka kwenye orodha ya dawa za lazima vidonge vinavyounganisha dawa mbili za tansio katika kidonge kimoja. Kidonge kimoja kwa siku ni rahisi kubeba wakati wa kukimbia kuliko pakiti tatu.

Nini kifanyike

Tangu Goma ilipotekwa, serikali ya jimbo inakaa Beni. Kwa mara ya kwanza, wenye kuamua juu ya afya ya Kivu ya Kaskazini wanaishi mahali ambapo wagonjwa hawa wanaishi. Mambo manne yanawezekana bila kusubiri amani, wala wafadhili wa nje ambao misaada yao imepungua sana tangu mwaka 2025.

La kwanza: kila kituo cha afya kiwe na kipimo cha tansio kinachofanya kazi, na kila mtu mzima anayeingia kwa sababu yoyote apimwe. Wauguzi wetu wanajua kupima. Kinachokosekana mara nyingi ni betri, au kitambaa kilichochanika ambacho hakijabadilishwa.

La pili: dawa tatu au nne za msingi, kama amlodipini, hidroklorotiazidi na enalapril, zisikosekane, na bei yake iandikwe ukutani. Mgonjwa wa tansio apewe vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa pamoja pale ambapo usalama ni mdogo, pamoja na karatasi ndogo yenye majina ya dawa na kiasi chake, ili akifika mahali pa ugeni muuguzi ajue pa kuanzia. Mituele za afya, zilizozoea kulipia uzazi na upasuaji, zinaweza kufikiria kulipia vidonge hivi. Kiharusi kimoja kinawagharimu zaidi.

La tatu: kreatinini na ekografi ya figo kwa kila mwenye tansio kali, kabla ya mtu yeyote kutamka neno Kampala.

La nne: njia moja inayojulikana kwa wale wachache. Waganga wa Butembo na Beni, pamoja na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kinachofundisha waganga hapa hapa, wanaweza kukaa pamoja mara moja kwa mwezi, watazame karatasi za vijana wenye ishara tulizotaja, na kuandika barua moja kwa hospitali moja ya nje waliyokubaliana nayo. Mgonjwa asafiri akiwa na barua, picha na jibu la kwanza tayari, badala ya kwenda kuanza vipimo upya kwa bei ya mgeni. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mpaka leo mkaaji wa Butembo ameona jumuiya hiyo zaidi kwa majeshi yaliyokuja. Mkataba wa kupokea wagonjwa kwa bei ya mwananchi ungekuwa faida anayoweza kuishika mkononi.

Kabla ya kuuza parseli

Kwa familia ambayo kikao chake kimeitwa Jumapili hii, yapo maswali ya kumuuliza muganga. Tansio imepimwa mikono yote miwili, akiwa ametulia, zaidi ya siku moja? Amekunywa dawa tatu kweli, kila siku, au alikuwa akiacha kila anapojisikia vizuri? Anakula makayabo na samaki wa chumvi wa Kyavinyonge kila juma, na kutia kiungo cha mchemraba katika kila sombe? Anameza diklofenaki au ibuprofeni za sokoni kwa ajili ya mgongo? Dawa hizo hupandisha tansio na kuumiza figo, na kuziacha kunaweza kushusha namba bila puto lolote. Kreatinini ni ngapi, na mwezi uliopita ilikuwa ngapi? Ekografi inaonyesha figo zote mbili ziko sawa?

Kama mgonjwa ni mzee, dawa zinashika, na figo zimetulia, parseli ibaki. Pesa ambayo ingekwenda Kampala inunue vidonge vya miaka, na vipimo vya damu mara chache kwa mwaka. Hapo familia inakuwa imempa mzee kile ambacho utafiti umeonyesha kinamsaidia, na haina sababu ya kujilaumu wala kuonewa aibu na majirani.

Kama ni binti wa miaka 25 mwenye tansio ya 190, figo moja fupi, na hakuna dawa inayoshika, basi msichelewe. Huyo ndiye ambaye safari ya Kasindi inaweza kumrudishia miaka 40. Na kama hakuna aliyewahi kumpima binti huyo, apimwe kesho asubuhi kabla kikao hakijaanza.